Zabuni ya Mama Mkwe

Mwaka huu wa ruksa ya biashara serikali ilitaka daraja dogo Pongwe, na sheria ikadai wazabuni watatu. Watatu niwatoe wapi, nami ndiye mkandarasi pekee? Nikaandika bei yangu, ya mke wangu, na ya mama mkwe, Batulbai. Yake nikaipandisha kupita zote, ili nishinde mimi.

Batulbai alipopelekewa atie sahihi, akawaka.

"Naushad! Mimi na duka langu lote hili, leo nionekane mlanguzi?"

Akaikata bei nusu, akatia sahihi. Akashinda.

Sasa anakaa barabarani na mwavuli, ananisimamia nikimjengea. Jana, kwa bei yake hiyo, nimejenga ukuta wa mchanga mtupu. Akaugusa kwa bakora, ukamomonyoka.

"Vunja," akasema. "Daraja hili lina jina langu."