Kidole cha Pandu

Kapteni Msellem alimwacha Pandu nje ya timu ya kuvuta kamba ya kijiji chao, Kiuyu, kwa sababu ya kidole. Na Pandu ndiye aliyekuwa nanga ya Kiuyu: huzungusha mwisho wa kamba mgongoni, akakaa kama kisiki cha mkarafuu.

Ilianza Jumatatu, alipokuja mtafiti, Bi Kazija, kuwapima wanaume vidole kwa rula na kuwapa chombo wakibinye, aone nguvu za mkono. Alieleza vizuri tu. Homoni anazozipata mtoto tumboni mwa mama huenda zikahusiana na nguvu zake ukubwani, na kidole cha pete kikikipita cha shahada, pengine ni dalili.

"Lakini huo ni wastani wa watu wengi, Kapteni. Mtu mmoja humjui kwa kidole."

Msellem alishika kidole, wastani ukampita. Kesho yake akaazima futi ya fundi cherehani. Kidole cha pete cha Pandu kilikuwa kifupi.

"Yakhe, miye nafua nazi mia tatu kwa siku," Pandu alisema.

"Hizo nguvu za kazi. Hukuzaliwa nazo."

"Na kamba itajuaje?"

Watu wakacheka. Msellem akaenda kwa Bi Mwanapili, mama yake Pandu, kumuuliza mimba ile ilikuwaje.

"Ya miezi tisa, kama uliyobebwa weye! Umekosa la kufanya, hata uje kunipekua tumbo uzeeni?"

Alirudi kachanganyikiwa kuliko alivyokwenda. Lakini jina alishalifuta, na kurudi nyuma mbele ya watu aliona haya. Nanga akamweka Silima, muuza vocha, mwenye kidole cha pete kama mwiko.

Jumamosi, uwanja wa Gombani, walishindania fahali na timu ya Chake Chake. Silima aliburutwa kama jamvi.

Bi Kazija alikuwapo. Msellem akamfuata, futi mkononi.

"Kile chombo, nani alikibinya zaidi?"

Akafungua daftari. "Pandu."

"Na kidole chake?"

"Kifupi."

"Sasa kipi cha kweli?"

"Vyote viwili."

Msellem alimtazama, akaitazama futi, hakufahamu.

Raundi ya kwanza ilikuwa imechukua sekunde kumi na moja, ya pili saba. Watu sita walichunika viganja. Fahali alibaki Chake. Pandu hajaivutia Kiuyu tena, mwaka wa tatu huu, na Bi Mwanapili haitikii salamu ya Msellem.