Mikono ya Mama Vizibo

Chupa zilipasuka zamu ya mchana tu, na zamu hiyo aliyezipanga kwenye ukanda, chini ya mkono wa mashine ya kufunga vizibo, alikuwa Mama Vizibo, mwenye miaka kumi na tisa kiwandani. Meneja alishakata shauri kwamba mama amezeeka, hazipangi sawasawa. Programu inayouongoza mkono huo niliiandika mimi. Nikithibitisha kuwa haina kosa, mama afungashe virago.

Nilithibitisha, tena kwa madaha. Programu ilitakiwa kuamka mara mia mbili kila sekunde kuuelekeza mkono, na katika vipimo vyangu haikuchelewa hata mara moja. Nikaandika barua, nikatia sahihi, nikampelekea mama kwanza, nisije nikaonekana mnafiki. Aliisoma taratibu, akauliza nilipimaje. Nikamweleza: asubuhi, kabla ya kazi, baada ya kuzima kila kitu kingine ili vipimo viwe safi. Ndivyo tunavyofanya mafundi wa programu, na vichwa vinatuvimba.

"Mwanangu," akasema, "mimi sijawahi kufanya kazi vingine vikiwa vimezimwa."

Akanieleza kwamba kila siku saa nane mchana karani wa stoo hunakili kumbukumbu za siku kwenye kompyuta hiyohiyo inayouendesha mkono. Saa nane nikapima upya, kila kitu kikiwa kimewashwa. Programu yangu ilikuwa imepanga foleni nyuma ya kazi ya karani, kama mgonjwa mahututi aliyeambiwa asubiri zamu yake. Mkono ukashuka umechelewa, chupa ikapasuka mbele ya macho yangu. Mimi mjinga sikuwa nimeiagiza kompyuta iutangulize mkono kabla ya kazi nyingine zote. Nikaliandika agizo hilo, na chupa elfu tatu zikapita bila ufa, karani akiendelea kunakili.

Barua niliichana. Nikamwambia meneja mbele ya zamu nzima kwamba mkosaji ni mimi, mama abaki. Akakubali, uso umemshuka. Nikamwomba mama radhi, nikamshukuru kutoka moyoni, maana bila yeye ningemfukuzisha mtu asiye na hatia na nisingejua maisha yangu yote.

Mama alikuwa anatazama viganja vyake.

"Miezi miwili hii," akasema, "kila nikifika nyumbani namimina maji kwenye glasi, nione kama mikono imeanza kutetemeka."

Niliishika mikono yake yote miwili, na ya kwangu ndiyo iliyokuwa inatetemeka.