Gitaa Iliyobaki Butembo

Mzee Vagheni alipokufa, wazee wa ukoo walikaa siku mbili nyumbani kwake Butembo wakigawa vitu vyake kwa mabinti wake wawili wa mama tofauti. Waligawa kwa haki, na haki yenyewe ikazidi kipimo. Sufuria sita: tatu huku, tatu kule. Viti vinane: vinne, vinne. Shuka zilikuwa tano, basi ya tano wakaichana katikati. Zikabaki bafle mbili za mbao, spika za kutolea muziki, zile mzee alizozinunua zamani kwa magunia tisa ya kahawa, kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga duka lake arudi kwao. Wazee wakazitazama, wakaona zinafanana kama mapacha, wakafurahi.

"Hapa hata kazi haiko," wakasema. "Kila mutu na yake."

Kahongya, binti mkubwa, akapakia bafle yake kwenye lori la Beni, kule alikoolewa, pamoja na ampli ya kukuza sauti, tourne-disque na disque za baba, santuri zake zote. Maliro, mdogo, akabaki Butembo na bafle yake na mbuzi wawili wa kufidia vile vingine.

Mbuzi hawakumaliza mwaka. Bafle ikawa meza. Maliro aliifunika kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, juu yake akaweka sanamu ya Bikira Maria na taa, na kila asubuhi akaipangusa vumbi. Miaka mitatu ikapita. Kahongya hakurudi Butembo hata mara moja, hata siku ya misa ya kumkumbuka baba. Watu wakasema, "Amepata mashine ya muziki, amesahau kaburi." Neno lile lilimkaa Maliro tumboni kama muhogo mbichi.

Riziki yake ilikuwa kushona, na alishona kwa mashine ya kukodi. Siku moja mwenye mashine, Mama Abigaïl, akamwita.

"Binti yangu, ninahamia Oicha kwa mume wangu. Mashine ninaiuzisha. Dola mia mbili. Mimi nakupenda, njo maana nakuambia wa kwanza. Lakini siku ya Jumamosi ikipita, namupatia mwingine."

Maliro alikuwa na dola mia moja na kumi, amezificha ndani ya mto wa kulalia. Zilibaki tisini. Alikaa jioni ile akitazama nyumba yake: kitanda, viti vinne, sufuria tatu. Macho yakaishia kwa Bikira Maria, kisha yakashuka chini ya kitambaa.

Jumatano asubuhi aliifunga bafle ndani ya kitenge, akaipeleka kwenye gari la Beni. Shoferi akaitazama, akamtazama yeye.

"Utalipa nafasi mbili, mama. Uyu mwenzako eko na matako kukupita."

Gari zima likacheka, na Maliro akalipa.

Karibu na soko la Beni kulikuwa na kibanda cha Mzee Bilali. Kila mtu aliyekuwa na redio iliyonyamaza alimjua. Alikuwa mzee mwembamba, kofia nyeupe kichwani, ncha za vidole zimeungua kwa miaka ya kuchomelea nyaya. Watu walisema kwamba ukimletea kitu, hakuulizi unataka bei gani. Anakuuliza kimetoka wapi.

"Imetoka wapi, binti?"

"Kwa baba. Alinunua kwa kahawa."

Mzee akanawa mikono kwanza, kama mtu anayekwenda kula. Akaigeuza bafle taratibu. Akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, juu, ubavuni, nyuma, akisikiliza kila mlio kama fundi anayenunua chungu. Akafungua kitambaa cha mbele. Ndani, koni ya karatasi nyeusi ilikuwa nzima, haina tundu. Akaweka vidole vitatu kuizunguka, akaisukuma polepole, sikio lake limekaribia kabisa.

"Unasikiliza nini, Mzee?"

"Kama inakwaruza. Ikikwaruza, imekufa. Iko kimya. Kimya njo afya yake."

Kisha akachukua pile moja, betri ya redio, na nyaya mbili fupi, akagusa nyuma. Koni ikaruka mbele, *tup*, kama kifua cha mtu aliyeshtuka. Akaachia, ikarudi. Uso wa mzee ukafunguka. Maliro alikuwa ameona mafundi wengi wakipiga vitu makofi ili vifanye kazi. Huyu alikuwa anakiomba ruhusa kitu cha mbao.

Jirani wa mzee, Juma, aliyekodisha muziki wa arusi, alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akaingia.

"Dada, mimi sina maneno mingi. Nachukua iyo kisanduku, natoa bile bya ndani, naweka bafle mupya ya kupiga bass. Dola makumi munane."

Maliro akanyamaza. Huo ndio ulikuwa mtindo wake, kunyamaza na kutazama.

"Mia moja," akasema Juma. Maliro bado kimya. "Aa! Uyu dada ni mugumu sawa jiwe. Mia na makumi mbili, na maneno yaishe!"

Moyo wa Maliro ukaruka kama ile koni. Mia na ishirini! Mashine ingekuwa yake, na pesa ingebaki ya nyuzi na sindano. Akafungua mdomo akubali. Lakini aliona Mzee Bilali ameinama nyuma ya bafle, anafuta vumbi kwa kidole kwenye kibati kidogo.

"Binti, kuja uone. Namba hii. Na mwisho wake, herufi gani?"

Maliro hakusoma zaidi ya shule ya msingi, lakini herufi alizijua. "L."

"L ni ya kushoto. Kwa lugha ya bale balioitengeneza. Kama kuko ya kushoto, ya kuume iko wapi?"

"Iko kwa yaya yangu, dada mukubwa. Hapa hapa Beni. Tulipogawa, kila mutu alikamata moja."

Mzee akakaa chini. Akashika kichwa.

"Eee! Batu ba Butembo, muko na haki mubaya! Mulipasua mutu katikati, huyu akamate mukono, huyu akamate mukono!" Kisha akacheka, na alipomaliza kucheka akasema kwa upole: "Sikiliza. Muziki ya stéréo, banaikataka mara mbili. Sauti ingine inapita kushoto, ingine kuume. Moja pekee yake ni kisanduku, Juma hakudanganyi na bei yake. Lakini mbili, namba zao zikifuatana, niko na mutu Kampala anatafutaka bya hivi miaka yote. Mbili ni dola mia tano."

"Na kama ya yaya imekufa?"

"Basi utarudi kwa Juma."

"Mimi sitangojea," Juma akasema. "Nikitoka kwa huu mlango, bei inatoka na mimi."

Maliro alimtazama Juma, akatazama mikono ya mzee, ile iliyonawa kabla ya kugusa. Akaiacha bafle yake pale, akaenda.

Kahongya alikuwa anauza mafuta ya mawese mbele ya nyumba yake. Alipomwona mdogo wake, hakusimama.

"Leo umekumbuka njia?"

"Ni wewe ulisahau njia, yaya. Misa ya baba ilipita bila wewe."

"Uko nakuja kunihukumu kwangu?"

"Nakuja kuangalia bafle."

Kwa neno hilo uso wa Kahongya ukabadilika. Haikuwa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi mkononi.

"Kwa nini? Banani bamekuambia?"

"Kuniambia nini?"

Kahongya alimimina mawese ya mteja, akafuta chupa, akaifuta tena ikiwa safi. Maliro akakaa kwenye kigogo akangoja. Alijua kungoja. Wateja wawili wakaja, wakaondoka. Mwisho dada yake akasema, huku anatazama chupa:

"Niliiua. Kwa njia, lori iliingia mu shimo, bafle ikaanguka. Nilipofika nikaweka ile disque baba alipendaka, ile ya karatasi nyekundu katikati. Batu banaimba tu. Gitaa haiko. Ile gitaa baba alikuwaka anafunga macho juu yake, imekufa mu mikono yangu. Ningerudia Butembo na uso gani? Ningesimama ku kaburi niseme nini?"

Miaka mitatu Maliro alikuwa anatafuna muhogo wake mbichi, na dada yake anatafuna wa kwake.

"Nisikilizishe," akasema.

Wakaingia ndani. Bafle ilisimama pembeni, safi, imepakwa mafuta mbao zikang'aa. Mtu hatunzi maiti hivi. Kahongya akaweka disque. Sauti za waimbaji zikatoka, nzito, tamu, zikifuatana na ngoma. Kisha zikanyamaza pale gitaa ilipopaswa kuingia, na pakabaki ngoma tu, ikitembea peke yake kama mtu anayemsubiri mwenzake njiani.

"Umesikia?" Kahongya akasema, machozi karibu.

Maliro alipiga magoti, akageuza bafle kama alivyomwona mzee akifanya, akafuta vumbi kwenye kibati. Namba ile ile, imezidi moja. Na mwisho wake herufi nyingine.

"Yaya, hukuua kitu. Gitaa ilibakia Butembo. Ilikuwa chini ya Bikira Maria."

Walibeba bafle, ampli, tourne-disque na ile disque moja kwa kitoroli, wawili wakisukuma, wakibishana njiani nani alikuwa mjinga zaidi, wao au wazee wa ukoo. Mzee Bilali aliwaona kwa mbali, akaenda kunawa mikono tena.

Alizipanga ukutani, ya kushoto kushoto, ya kuume kuume, akazigeuza kidogo zitazamane. Akapima kwa hatua, akawaweka mabinti wote wawili kwenye benchi katikati. Akashusha sindano.

Waimbaji wakaanza, upande wa kuume, kama nyumbani kwa Kahongya. Kisha wakanyamaza. Na kutoka kushoto, kutoka kwenye ile meza ya Maliro, gitaa ikaingia. Ilikuwa nyembamba na safi kama maji ya kilimani. Ilipanda, ikashuka, ikacheza na ngoma iliyoisubiri miaka mitatu. Kahongya akaweka mkono mdomoni. Maliro akafunga macho, na alipoyafunga, sauti hazikuwa tena kushoto wala kuume. Zilisimama mbele yake, katikati, pale pasipokuwa na kitu, kama bendi imeingia kibandani na baba ameketi karibu yao.

Sokoni watu walisimama. Mwenye nyanya aliacha nyanya. Juma alirudi mlangoni, safari hii bila maneno.

Disque ilipoisha, Mzee Bilali akatoa kofia, akairudisha.

"Nilisema mia tano mbele ya kusikia," akasema. "Sasa nimesikia. Mia tano na makumi sita. Na ampli na tourne-disque bibakie byenu, sibigusi."

"Mzee!" Juma akapiga kelele. "Balikuwa bamekubali ya kwanza! Biashara gani hiyo?"

"Ya masikio. Wewe uko na ya mufuko."

Maliro alimtazama dada yake. Kahongya alikuwa ameshika ukingo wa bafle yake, anaupapasa kama shavu la mtoto. Alivuta pumzi, akaachia mkono.

"Zikienda, zitaenda pamoja?" akauliza.

Mzee alileta kamba moja, akaziweka uso kwa uso na blanketi katikati, akazifunga fundo moja zote mbili, akakaza kwa goti.

"Mwenye kutaka moja, akate kamba yangu kwanza."

Pesa ziligawanywa pale pale kwenye benchi, mia mbili na themanini kila mmoja, na kwa mara ya kwanza kitu cha Mzee Vagheni kikagawanyika bila kuumia. Mashine ya Mama Abigaïl ilikuwa tayari inashona kichwani mwa Maliro, mguu wake unaikanyaga kwa mawazo. Alikunja kitenge alichofungia bafle.

"Na hii disque?" Kahongya akasema, ameishika kifuani. "Tuichane katikati, sawa ile shuka?"

Wakacheka mpaka mwenye nyanya akauliza kuna nini.

"Ikamate wewe, yaya. Mimi nitakuwa nakuja kuisikiliza."

"Hapana. Njo mimi nitapanda Butembo," Kahongya akasema. "Jumamosi. Nataka kuona iyo mashine. Na nitafika kwanza ku kaburi, niko na maneno ya kumwambia baba ju ya gitaa yake."