Udongo wa Biresaw

Shamba la Biresaw lilikuwa mgongoni mwa kilima, huko Wello, na kila msimu wa mvua maji yalilichuna kidogo kidogo. Afisa kilimo akawataka wenye mashamba ya mteremko wapange matuta ya mawe ya kuzuia udongo. Gashaye, jirani wa chini, akapanga. Biresaw akakataa.

"Matuta yatameza ukanda mzima wa shamba," alimwambia mkewe, Asegedech. "Na mavuno hayaongezeki mpaka mwaka wa tatu, wa nne. Hapo katikati tutakula nini? Mawe?"

Asegedech alikuwa akipepeta tefu, ile nafaka yao ya punje ndogo. "Mwanao Yimam amesema atakusaidia kuyapanga."

"Yimam hakumzika Zinash."

Asegedech akaweka ungo chini. Zinash, kifungua mimba wao, alikufa mwaka wa njaa, tefu ikiwa imekaribia kabisa kukomaa. Tangu hapo Biresaw hakuthubutu kuacha hata shubiri ya ardhi bila kupandwa. Watu walimwita mkaidi. Mkewe peke yake alijua kuwa ni woga.

Mvua za Agosti mwaka ule zilikuja na ghadhabu. Zilipokatika, Biresaw alijitanda shuka lake akatoka, akakuta tefu haipo, na udongo ulioishikilia haupo. Mwamba ulikuwa umejitokeza mtupu. Udongo wake ulikuwa umelala kwa Gashaye, umejaa nyuma ya matuta.

Gashaye akamwendea. "Kaka, leta makapu uchote. Ni wako huu."

"Nitachota mpaka lini, Gashaye?"

Hata hivyo alichota, yeye na mwanawe Yimam, wakiupandisha kilima mgongoni. Mvua iliyofuata ikaushusha wote.

Baada ya sikukuu ya Msalaba, Yimam alifunga nguo zake aende kuwa kibarua kwenye mashamba ya ufuta, mbali huko Humera. Baba akamsindikiza mpaka barabarani.

"Baba, ungeniacha tu nipange yale mawe."

"Nilitaka usife njaa, mwanangu."

"Najua." Yimam akainama, akambusu baba yake magoti, akaenda zake.

Biresaw aliporudi, alimkuta Asegedech amemimina kahawa vikombe vitatu kwa mazoea. Hakuna aliyekigusa cha tatu.

"Amesema atarudi lini?" mkewe akauliza.

"Sikumuuliza," Biresaw alisema, akajifunika shuka usoni. "Arudi alime nini?"