Mzee Zihindula Ndani ya Pipa la Machicha

Jumamosi moja ya Novemba 2015, Nsimire alikuwa chumba cha chini cha nyumba waliyopanga kule Shively, upande wa kusini-magharibi wa Louisville, Kentucky, akikoroga uji wa mahindi ndani ya pipa la bluu lililowahi kubeba achari ya matango. Mahindi aliyanunua kwenye duka la chakula cha mifugo, kwa sababu pale yanauzwa yakiwa yameshavunjwavunjwa, na hakuna muuzaji aliyewahi kumuuliza farasi wake anaitwa nani. Kimea alikiotesha mwenyewe ndani ya shuka lenye unyevu, nyuma ya mashine ya kufulia.

Nsimire alikuwa mpishi wa kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, tangu usichana wake, na alijua jambo ambalo kila mpishi analijua: pipa jipya halianzi na maji matupu. Unachukua machicha ya pipa lililopita, yale machachu yaliyobaki chini, unayamwaga kwenye uji mpya, na uji unashika adabu. Mumewe Aksanti, ambaye kazi yake ilikuwa kusukuma mapipa kwenye ghala la wiski, alimwambia kwamba wazungu wa Kentucky nao hufanya vivyo hivyo, tena wanawatoza watalii kiingilio ili wawasimulie. Nsimire alisema kumbe ni watu wenye akili.

Machicha yake yalikuwa na ukoo. Yalitoka kambi ya Kyangwali, Uganda, kwenye mtungi wa baba yake, Mzee Zihindula, aliyefariki hukohuko baada ya watoto wake kupelekwa Amerika. Nsimire aliyakausha juani, akayashindilia kwenye kopo la maziwa ya unga, na uwanja wa ndege alipoulizwa akasema ni dawa ya tumbo. Ukilitazama vizuri, huo haukuwa uongo.

Pipa la Novemba hiyo liligoma. Lilikaa kimya kama mtu aliyenuna, halitoi hata povu la kumdanganya mtu. Kwao Nsimire, huko Walungu, Kongo, pipa likigoma, mwenye machicha huitwa kwa jina aje aiangalie kazi yake. Na kama mwenye machicha ameshafariki, anaitwa mrithi wake, maana marehemu hasumbuliwi kwa mambo ya pombe. Mrithi alikuwa kaka yake mkubwa, Mirindi, aliyekuwa Columbus, Ohio, na ambaye hata chai aliwahi kuiunguza. Nsimire aliona hakuna faida ya kumwita. Akainama juu ya pipa, akasema kwa adabu, "Zihindula, mwenye machicha, njoo uangalie kazi yako."

Kabla chakula cha jioni hakijaiva, pipa lilikuwa linachemka, na Mzee Zihindula alikuwa ndani yake. Uji ulimfika kifuani. Alikuwa amevaa kofia yake ya sufu na koti la kahawia, vifungo vyote vimefungwa, naye alikuwa anaonja kwa kidole.

"Hii mahindi ni ya wapi?" akauliza.

"Ni ya farasi, Papa."

"Inaonekana."

Kimea alikisifu. Nsimire akamuuliza kama amekula, akasema huko alikotoka watu hawapiki. Basi akaletewa fufu na sombe, sahani ikawekwa juu ya mashine ya kufulia, pale mkono wake ulipofika. Précieuse, binti wa Nsimire, alishuka kuchukua nguo zake, akamsalimu babu yake kwa Kiingereza, akamuuliza kama anahitaji nywila ya intaneti. Aksanti naye aliamka kwenda zamu, akashuka, akampa mkwe wake mkono huku ameushika kwa mkono wa pili, kama inavyotakiwa. Halafu akapanda juu, akamwuliza mkewe kwa heshima zote kama mzee atakenekwa, yaani atachemshwa awe mvuke wa kanyanga, pamoja na pipa au atatolewa kwanza.

Nsimire alimjibu kwamba katika nyumba hii hakuna mtu atakayekenekwa. Aksanti alikuwa ameshawaahidi chupa nusu ya watu wa zamu ya usiku. Habari hiyo aliipokea kama msiba.

Siku zilizofuata Nsimire alikuwa akitoka kazini anaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, analilisha pipa sukari na mahindi kidogo kidogo, maana pipa lisipolishwa hugeuka siki, na hakutaka baba yake awe siki. Ndipo akamuuliza lile lililomkaa rohoni miaka yote: kwa nini alikataa kuja Amerika. Mirindi aliwaambia wote kwamba mzee amekataa katakata, kwamba amesema hataki kufia kwenye baridi ya watu.

"Nani alikataa?" Mzee Zihindula akasema. "Mimi nilikuwa nimeisha kuvaa koti. Mirindi akaniambia, Papa, kikohozi yako itatuchelewesha sisi wote. Baki kwanza na majirani, tutarudi kukuchukua. Bon, nikangojea. Nikakufa kidogo, lakini nilikuwa nangojea tu."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayeeleza kwa nini basi lilichelewa. Nsimire ndiye aliyeumia. Alilia bila sauti, machozi yakadondokea kwenye uji, na baba yake akamwomba asogee nyuma kidogo, kwa sababu chumvi inaharibu uchachu. Akasogea, akaendelea kulia akiwa huko nyuma. Siku hiyo alijiapiza kwamba baba yake hataachwa mara ya pili, hata dunia ipinduke miguu juu.

Wa kwanza kuja kwa sababu ya harufu alikuwa shemasi Liberati, Mrundi wa kanisani kwao, aliyepiga hodi na Biblia mkononi, tayari kukemea. Alishuka ngazi, akamtazama mzee, akafunga Biblia.

"Samahani, mzee wangu," akasema, "wewe ni marehemu au ni mpangaji?"

Mzee akajibu kwamba bado hajaelezwa. Liberati alilifikiria jambo hilo akiwa amesimama, kisha akatoa uamuzi: kanisa halina ugomvi na marehemu, lina ugomvi na pombe, na maadamu marehemu yumo ndani ya pipa, pombe haipikwi. Kwa hiyo mzee ni baraka. Tangu hapo akawa anapitia kila Jumapili baada ya ibada, wanazungumza habari za mihogo.

Wa pili alikuwa mwenye nyumba, aliyekuja kukagua tanuri ya kupashia nyumba joto. Alimsalimu mzee vizuri, akamsogeza kidogo apate kuifikia tanuri, akamaliza kazi yake. Halafu akamweleza Nsimire kwamba mkataba unaruhusu watu wazima wawili tu na mtoto wao. Mtu mzima wa tatu lazima aombe rasmi na achunguzwe historia yake ya mikopo. Mzee Zihindula hakuwa na historia ya mikopo, alikuwa na historia ya kufa tu, na hiyo haikuwa na mahali pa kujazwa. Wakapewa mpaka mwisho wa mwezi. Akiwa mlangoni mwenye nyumba akaongeza kwamba harufu ile imemkumbusha babu yake, tena vizuri sana, lakini mkataba ni mkataba.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema ufanye nini na mgeni ambaye hawezi kutoka kwenye pipa. Aksanti alitafuta maneno laini, akayapata: kwa desturi, baba hukaa kwa mtoto wake wa kwanza wa kiume. Nsimire aliona hiyo ni desturi nzuri, na pia ni kisasi kizuri. Akampigia Mirindi. Akamweleza yote, na Mirindi akasema, "Bon. Mulete."

Walimsafirisha kwa gari la kanisa, pipa likiwa limefungwa mkanda. Mzee Zihindula alifurahia safari kuliko wote. Alipoona mashamba ya Ohio yaliyokwisha kuvunwa, hayana mwisho, aliuliza yamevunwa na ukoo gani. Aksanti akamwambia yamevunwa na mashine moja, na mzee akaisikitikia mashine ile kwa upweke.

Mirindi alikuwa na nyumba nzuri Columbus, na ndani yake vyumba viwili vilivyolala bure. Pipa aliliweka gereji, katikati ya matairi ya akiba na jiko la kuchomea nyama. Gereji haikuwa na joto. Na mtu yeyote aliyewahi kuchachusha mahindi anajua kwamba baridi huyalaza. Hata chai ya kumkaribisha ilikuwa haijaletwa, povu lilikuwa limepungua na mzee alikuwa anasinzia.

"Yaya, Papa anasinzia," Nsimire akamwambia kaka yake. "Huku ni baridi."

Mirindi akasema usingizi ni mzuri kwa wazee. Mikono yake ilikuwa mifukoni, na macho yake yalikuwa kwenye matairi.

"Yaya, ulituambia Papa alikataa."

"Ningewaambia kweli, mungekubali kupanda ndege?"

Nsimire alitaka sana kusema ndiyo, wangekubali. Alifikiri, na alikuwa mtu mkweli. "Hapana," akasema.

"Donc, ndiyo hivyo," Mirindi akasema, akabonyeza kitufe, na mlango wa gereji ukashuka taratibu mpaka chini.

Majira ya baridi yote Mirindi alituma picha: mzee amelala, mzee amelala, mzee amelala na kofia ya Krismasi. Alionekana hana shida, na hilo ndilo lililomuuma Nsimire. Mwezi wa tatu hakuweza kuvumilia tena. Alimpigia dada yao Chimène, aliyeishi Buffalo, mtaa wa Black Rock, kwenye nyumba ya zamani karibu na mto, aliyoinunua kwa bei ya bure. Nyumba ilikuwa inavuja juu na kupasuka pembeni, lakini chini kulikuwa na boila kubwa iliyotoa joto kama la Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika. Chimène alisema amlete hata leo. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee wa watu, mzee wa kwake angemshinda vipi?

Lile joto lilimwamsha Mzee Zihindula kabla pipa halijatulia sakafuni. Povu likapanda, akafungua macho, akauliza kama wamefika. Nsimire akamwambia wamefika. Mzee akafurahi, akaonja uji kwa kidole.

Chimène alimtunza kwa kufuata zamu. Alimlisha sukari, alimfuta povu kwenye ndevu, akamwuliza kwa sauti ileile ya kazini, "Tumekula vizuri leo?" Mzee akajibu kwamba yeye amekula vizuri, ila huyo mwingine hamjui. Wanawake wa Kikongo wa mtaa ule wakawa wanashuka na vikombe vya uji wao uliogoma, wakapewa ushauri, wakapanda na furaha. Kule Louisville Nsimire alilala usingizi kamili kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Alijua baba yake yuko mahali pa joto, na watu wanamwita Papa.

Kiangazi hicho Chimène alipata nyumba Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo, kama kila mtu wa Black Rock aliyejaliwa gari. Ilikuwa nyumba safi, karibu na uwanja wa ndege, na chumba chake cha chini kilikuwa kimetandikwa zulia jeupe kutoka ukuta hadi ukuta. Ndugu wote walikuja kusaidia kuhama. Mirindi alikuja na lori la kukodi, na kwa kweli alifanya kazi ya watu watatu. Wakapakia vitanda, friji, makochi, masufuria ya harusi na picha ya harusi. Mchana ulipokuwa unaisha, lori lilikuwa limejaa na pipa lilikuwa bado chini.

Chimène alilipima zulia akilini mwake, kisha akalipima pipa. Akaenda kuwasha gari. Mirindi akasema mzigo uliobaki utachukuliwa kwa safari ya pili. Nsimire alijua lori linarudishwa jioni hiyo, na gari la kanisa alilokuja nalo linatakiwa Louisville kesho yake kwa ajili ya kwaya. Kila mtu alijua.

Mirindi akachuchumaa mbele ya pipa. "Papa, tutarudi kukuchukua."

Nsimire alikuwa amesimama nyuma yake, amekumbatia taa ya mezani ya dada yake. Sasa ndiyo ilikuwa saa ya kusema. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba Papa asisahau kula sukari.

"Bon," Mzee Zihindula akasema. "Muende, njia ni ndefu."

Oktoba hiyo, kule Shively, Nsimire alivundika pipa jingine kwa hamira ya dukani. Lilichacha bila kuitiwa mtu. Kanyanga ilitoka kali na haina ladha yoyote, na watu wa zamu ya usiku walimshukuru sana Aksanti.

Nsimire alikuwa kazini, kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, anakunja mashuka, simu ilipolia. Aliyepiga alijitambulisha kwa jina la Rakeli. Yeye na mumewe Semahoro walikuwa wametoka milima ya juu ya Kivu Kusini, wamefika Amerika majuzi tu, na wamepangishwa ile nyumba ya Black Rock. Namba walipewa na mzee wa chini. Rakeli hakuwa na malalamiko. Mzee ni mtu mzuri, watoto wanafanyia kazi za shule pale kwake, na Semahoro, aliyekua bila baba, kila asubuhi anashuka kumwamkia. Walijaribu kumpa maziwa, akayapokea kwa heshima tu.

"Ila, dada, kila gari ikisimama inje anauliza kama ni nyinyi," Rakeli akasema. "Tumwambie nini?"

Nsimire alimpenda baba yake, hilo lisitiliwe shaka. Alimpenda pale pale aliposimama, akiwa na shuka nusu limekunjwa kifuani. Alifikiria mkataba wa pango, alifikiria gereji ya Columbus, alifikiria zulia jeupe la Cheektowaga, ambalo Chimène alikuwa hamruhusu hata mchungaji kulikanyaga na viatu.

"Mwambie tunakuja," akasema.

"Nimwambie lini?"

"Mwambie tu tunakuja."

Rakeli akashukuru kwa dhati. Alisema mzee atafurahi sana, na kwamba yeye mwenyewe anashuka kumwambia sasa hivi. Nsimire alisikia miguu yake ikishuka ngazi, na sauti ya mtoto ikiuliza ni nani, kisha akakata simu kabla Rakeli hajafika chini.