Mama Hapandi Gari

Baba alishasema tangu asubuhi: "Mama Coleta, leo salimia kwa kupunga mkono tu. Kilomita tano hizi."

Mama akavaa fulana ya matembezi juu ya sweta, akafunga kitenge kwa nguvu. Matibabu ya kansa ya shingo ya kizazi aliyamaliza mwezi wa nne. Alipokuwa kalazwa Mbeya, huku Malangali watu walishamzika midomoni. Kuna mtu alimuuliza baba kama shamba letu la ulezi analiuza. Kwa hiyo padri alipotangaza matembezi ya kuchangia wagonjwa wa kansa, mama alijiandikisha wa kwanza. Alisema atafika uwanjani kwa miguu yake, wote wamwone. Nesi wake alimruhusu, ila aende taratibu.

Tulianza katikati ya watu, matarumbeta mbele. Baba, mama, mdogo wangu Jovina, na mimi Coleta nyuma yao, maana sipendi kuangaliwa.

Hatujafika mbali, mama akamwona Bibi Bertilla anapepeta ulezi mlangoni. Akatoka kwenye msafara, akachuchumaa, akapiga vikofi vya salamu, wakaanza kusalimiana Kifipa: watoto, ng'ombe, mvua, ndugu wote wa Kaoze. Kwetu mtu mzima humpiti hivihivi.

"Mke wangu, tunaachwa!"

"Niliumwa kansa, baba Coleta. Adabu sikuumwa."

Bibi akacheka. "Wewe, si walisema umekufa?"

"Ndo nimekuja kukusalimia."

Kufika mzee wa tano wa kusalimiwa, matarumbeta hatuyasikii tena. Nyuma yetu ikaja pikapu ya Tuntufye, yule wa Mbeya mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alijitolea kubeba waliochoka.

"Shikamoo mama. Pandeni, nimeambiwa nisiache mtu."

Mama alikuwa kashika kiuno, anatoka jasho na upepo wote ule. Baba akafungua mlango. "Panda, mke wangu. Umejitahidi. Nani atakucheka?"

Mama akakiangalia kile kiti. Nilimwona kabisa anakitaka. Akashika mlango.

"Mama hapandi."

Wote wakageuka. Ni mimi niliyesema, mimi ambaye darasani hata jibu nikilijua nanyamaza. Uso uliniwaka moto, lakini neno lilishatoka, nikamalizia tu. "Apumzike, halafu aendelee. Akishuka kwenye gari watasema alibebwa."

Tuntufye akanitazama. "Huyu si yule ananunuaga misumari kwa kunionyesha kidole?"

"Nyumbani anaongea sana," Jovina akasema. "Ananigombezaga."

Mama akacheka mpaka akauachia mlango. Akakaa kwenye jiwe, akanywa uji tuliobeba kwenye chupa, karibu nusu yake. Baba alikuwa kanuna, anaangalia saa. Mama hakumjali. Alikaa mpaka pumzi ikatulia, akainuka.

"Twendeni."

"Sasa mimi nifanyeje?" Tuntufye akauliza.

Baba akapiga mlango kuufunga. "Fuata nyuma, kama gari la harusi."

"Bibi harusi gani anasalimia barabara nzima!"

Na kweli alisalimia wengine watatu. Wa mwisho, baba mwenyewe alitangulia kupiga vikofi. Kilima cha mwisho mama alikipanda kwa kuhesabu hatua kumi kumi, akisimama, akianza tena. Mimi nilitembea pembeni yake, sio nyuma.

Uwanjani maturubai yalikuwa yanashushwa. Mgeni rasmi kaondoka. Nesi wa mama alikuwa anapanga viti, akaviacha.

"Nesi, mwisho ulikuwa wapi?" mama akauliza.

"Hapo, kati ya zile nguzo. Kamba tumeshaitoa, mama, lakini umefika jamani, hata hapo ulipo..."

"Hapana. Nguzo zipi?"

Nesi akaonyesha. Mama akarekebisha kitenge, akaenda polepole, akapita katikati. Waliokuwa wanabeba viti wakasimama wanamtazama. Akatugeukia mimi, Jovina na baba.

"Na nyie je? Njooni mpite!"