Ekseli ya Owiti

Selpha alimwambia fundi waziwazi: "Beringi tu, Gichuki. Kingine usiguse."

Gichuki, mchomeleaji wa pale Katito, alikuwa amelala chali chini ya gurudumu la Selpha la kufinyangia vyungu, miguu tu ikionekana. "Mama, beringi haina makosa. Ekseli imepinda. Itatafuna beringi mpaka uzeeke."

Kana kwamba hakujua! Ekseli hiyo Owiti, marehemu mumewe, aliing'oa kwenye lori lililopinduka, akaifunga chini chuma kizito cha kupiga teke, na juu sahani ya kuwekea udongo. Siku ya kwanza tu gurudumu likachechemea. "Owiti, gurudumu lako ni kiwete!" "Utazoea," akajibu, akicheka. Waligombana juu ya ekseli hiyo miaka yote ya ndoa, na miaka yote vyungu vikatoka vizuri, maana Selpha ana kichwa kigumu na mkono mgumu zaidi.

Owiti alipozikwa, hakulia. Alikaa kando ya jeneza macho makavu, akiuliza kama wageni wamepata chai. Wanawake wa boma walipiga nduru, kile kilio cha msiba ambacho jirani akikisikia hutupa jembe akaja mbio. Yeye kimya. Basi maneno yakasemwa, si unajua watu. Matanga hayajaisha, akarudi kwenye gurudumu lake, na tangu hapo hakukosa siku hata moja.

Sasa lilikuwa limekwama. Bila gurudumu hakuwa na kitu kingine cha kumwamsha asubuhi. Kwa hofu ya hilo akakubali ekseli ibadilishwe. Gichuki akaenda Kisumu kwa mkereza vyuma, akarudi na ekseli mpya iliyonyooka. Ile ya zamani akaiegemeza ukutani.

Selpha akabandika udongo, akapiga teke. Gurudumu likazunguka bila sauti. Chungu kikaenda upande, kikaanguka. Akaanza kingine, nacho vilevile.

"Umeniharibia!" akafoka. "Nilikwambia beringi tu! Wewe huna masikio?"

Gichuki akachukua chaki. Aliishika iguse kidogo tu ubavu wa sahani, akamwomba apige teke tena. Chaki ikachora pande zote sawasawa. "Gurudumu liko sawa, Mama. Hebu weka udongo, halafu tazama mkono wako."

Akatazama. Kila mzunguko, mkono wa kushoto ulisukuma mara moja, bila yeye kuuambia. Ulisukuma palepale ekseli ya Owiti ilipokuwa ikimsukuma yeye. Kumbe tangu azikwe alikuwa akibishana naye kila siku, na kila siku anajibiwa! Sasa mkono ulisukuma, na upande wa pili hapakuwa na mtu.

"Nikurudishie ile ya zamani?" Gichuki akauliza kwa upole.

Selpha akafungua mdomo amjibu. Kilichotoka ni nduru.

Gichuki akaangusha spana. Majirani wakaja mbio, Benta mbele, leso imemfunguka, mwiko wa ugali bado mkononi. "Yawa! Selpha! Nani amekufa?"

"Owiti," akasema.

Hakuna aliyecheka. Benta akaweka mwiko chini, akajishika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kulia pamoja naye.